Theluthi Moja ya Mwanga

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Picha za setilaiti zimefika ofisini asubuhi: mwanga wa usiku wa mji wetu umepungua kwa theluthi moja. Theluthi nzima! Sababu ni mimi. Nani mwingine alibandika matangazo mtaa mzima, watu wazime taa za nje? Nyumbani nimezima hata za ndani, niwe mfano. Mke wangu alichoka kupapasa kuta, yuko kwa dada yake wiki ya tatu sasa. Akisikia habari hii atarudi mbio.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwandikia mkurugenzi kabla mwenzangu wa dawati la pili hajanitangulia. Mama yule ana kiherehere! Kaniuliza kama nimeangalia hali ya hewa. Nimemjibu kwamba nachunguza taa, si mawingu. Kanitazama kwa huruma. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Ijumaa nazungumza mbele ya wakuu! Nimepiga pasi shati gizani. Limeungua mgongoni. Nimempigia mke wangu kuuliza dawa ya alama ya pasi. Alama hainisumbui, nitavaa koti. Nilitaka kusikia sauti yake tu. Akasema ana wageni.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Mvua ya juzi imesafisha hewa. Picha mpya zikafunguliwa palepale, mbele ya wakuu: mwanga wote umerudi. Mwenzangu akaeleza, kwa upole ulioniuma zaidi, kwamba vumbi lilikuwa limetanda juu ya mji, likanyonya na kutawanya mwanga kabla haujaifikia setilaiti. Huku chini taa zilikuwa zilezile. Mkurugenzi akauliza ni nyumba ngapi hasa zilizima. Jioni nimezunguka mtaani kuhesabu. Moja. Jirani kashtuka kuniona, alidhani tumehama.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kapiga mwenyewe! Kumbe Jumapili iliyopita alikuja na begi lake, akaona nyumba giza tupu, akajua sipo, akageuza. Nikamwambia nilikuwemo, nimekaa kitini. Akasema taratibu, "Washa taa moja tu ya mlangoni. Kesho nakuja."

Moja tu! Nikafika hadi kwenye swichi. Lakini redio inasema anga itakuwa safi mpaka Jumatano. Safi, bila chembe ya vumbi! Picha za siku hizo zikionyesha mwanga umepungua, mwenzangu hatakuwa na vumbi la kusingizia, mradi nyumba yangu isiharibu kipimo. Nimemwomba mke wangu asubiri mpaka Alhamisi.

Simu ikakatika. Mtandao wa siku hizi, jamani, mbovu kweli.