Kizibao cha Kujitolea

Dhoruba ilipokwisha kung'oa mapaa na kuangusha miti, watu wengi mjini walisimama milangoni wameshika tama. Asali hakushika tama. Alisimama njia panda, mikono kiunoni, akiwatazama vijana wa kujitolea waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa. Kila geti walilobisha lilifunguliwa. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Waliingia mpaka vyumba vya kulala, na wakitoka walipewa chai na dua.

"Milango hii yote nimeihangaikia kwa maneno tangu ujana," alimwambia shemeji yake. "Kumbe ilitaka kizibao tu."

Jina la Asali alilipata kwa ulimi wake. Alikuwa akijigamba kwamba anaweza kumuuzia mtu kivuli cha nyumba yake mwenyewe, na mtu huyo akaomba risiti. Siku hizi, akiusimulia mkasa huu, sehemu hiyo huipita mbio.

Mpango ulikuwa mwepesi. Dada yake alikuwa mfagiaji wa manispaa, basi kizibao akakiazima kwake. Kilimbana kwapani lakini kilifunga. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa na pikapu iliyokohoa kuliko ilivyotembea. Wangekwenda mtaa wa wenye nazo, wawaeleze kwamba vitu vilivyolowa huzaa ukungu unaoharibu mapafu, na kwamba ni lazima viondolewe leo leo, tena bure. Makochi yangeondoka na baraka za wenyewe, yakaanikwa, yakauzwa ng'ambo ya mji. Shemeji aliuliza kama huo si wizi. Asali akamfahamisha kwa upole kwamba mwizi haagwi kwa kupungiwa mkono.

Nyumba ya kwanza ukuta wake wa mbele ulikuwa umelala chini. Barazani alikaa mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, mabuti ya mpira miguuni, macho mekundu kama aliyelia. Asali hakuwahi hata kumaliza salamu. Mama alimshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu, akasema alikuwa akimwomba Mungu amletee watu kama wao. Asali akamwaga hotuba yake ya ukungu. Palipotajwa mapafu, mama akakohoa.

"Kumbe ndiyo maana kifua kinanibana," alisema. "Vitoe vyote, mwanangu. Sitaki kuviona tena."

Shida ilikuwa kuvifikia. Mti ulikuwa umelala mlangoni, na sebuleni tope lilifika ugoko. Asali, ambaye kwa miaka mingi kitu kizito alichowahi kunyanyua ni kiapo cha uongo, akaazima shoka na beleshi kwa jirani. Walikata matawi, wakachota tope, wakateleza, wakaanguka, wakainuka. Mama aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akiwapa pole, na mara mojamoja akionyesha pembe waliyoiruka. Kisha wakapakia jokofu, makochi, televisheni na cherehani. Mama mwenyewe akawakumbusha mapazia, maana si walisema ukungu unapenda vitambaa? Asali aliyashusha huku akiwaza kwamba mjinga wa aina hii huzaliwa mara moja katika kizazi.

Pikapu ilipojaa, mama akaomba apande mbele na shemeji, ili ashuhudie vitu vinatupwa jalalani na moyo wake utulie. Tena akamsihi Asali abaki azibue mtaro, vinginevyo mvua ikirudi nyumba itajaa upya. Mtu aliyevaa kizibao kile angekataaje? Asali akamkonyeza shemeji: amridhishe, avishushe huko, wakaviokote baadaye.

Akachimba. Malengelenge yakavimba viganjani, yakapasuka. Mzee wa nyumba ya pili alimletea chai, kisha akauliza kwa haya kama beleshi lingeweza kufika na upande wake. Likafika. Maji yaliyotuama yalipoanza kutembea, majirani walitoka kutazama, na Asali anakiri kwamba kifua kilimpanda kidogo. Mgongo ulikuwa ukimtukana, ila kusifiwa kwa kitu cha kweli kulimpa utamu asiouzoea.

Alasiri teksi ikasimama. Akashuka mwanamume mwenye sanduku la safari, akauliza kwa adabu kazi ile ni ya nani. Asali akajibu kwamba anamsaidia mama mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ni mimi," yule bwana alisema. "Naishi peke yangu. Mama yupi?"

Asali akageuka kuitazama ndoo aliyokuwa amekalia mama. Hapohapo pikapu ikaingia, tupu, shemeji akitabasamu. Yeye hajui kusoma uso wa mtu, kwa hiyo alieleza yote mbele ya kila mmoja: jinsi mama alivyomwelekeza barabara kuu, lori lilivyokuwa likingoja na wanawe wawili, majokofu ya watu wengine yakiwa yamejaa ndani, na vijana wengine wa vizibao wakileta vingine. Mama alimwombea baraka, akamtuma aje aseme kwamba kazi ya mwenzake ni safi.

Neno mwizi likaanza kupita mdomo kwa mdomo. Asali akaupima ukuta ulioanguka. Kuuruka ilikuwa rahisi, lakini anayekimbia ndiye anayefukuzwa, na magoti yake hayakuwa na mbio hata za kufika kona. Aliyemwokoa ni yule mzee.

"Huyu hajaketi tangu asubuhi," alisema. "Mwizi gani anazibua mtaro wa watu?"

Mwenye nyumba akavishika viganja vya Asali, akavigeuza, akaona malengelenge. Machozi yakamlengalenga. Akasema yule mwanamke ameiba vitu vyake, lakini dhambi kubwa zaidi ni kuufanyia mzaha moyo wa mtu mwema kama huyu.

"Bwana, mimi si mtu mwema," Asali alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu kuamka, nalo lilichukuliwa kuwa unyenyekevu.

Kituoni, askari alimfanya shahidi mkuu na kumwonya asiende mbali mpaka mwanamke yule apatikane. Mpaka leo hajapatikana. Waliporudi, majirani walikuwa wamekwisha kufanya kikao na kumchagua Asali, bila kupingwa, kuwa kiongozi wa usafi wa mtaa mzima. Alijitetea kwa kila hila aliyoijua. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumpenda.

"Kesho alfajiri tunaanza na choo cha mzee, kimefurika," mwenye nyumba alimwambia akimpigapiga begani. "Na shemeji yako asikose."