Mababu Wapya

Jumatatu, 3 Machi
Redio inasema mataifa yanajenga upya majeshi yao kwa silaha mpya. Nimewaza sana. Mzinga mpya hupiga mbali kuliko wa zamani. Basi uwanja wa shabaha wa kambi ya hapa Rubongi lazima utanuliwe, na utatanukia wapi kama si shambani kwangu? Fidia! Jirani yangu Omaido naye kasikia. Tangu asubuhi anapanda kahawa. Hana akili. Penye makaburi ndipo wanapolipa vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Nimezika mababu watano ambao hawajawahi kuwepo. Mgongo umekwisha. Wanne wana misalaba na majina. Wa tano hana, majina yaliniishia.

Jumatano, 5 Machi
Mama ameyaona makaburi. Nilingoja matusi. Akasimama penye lile la tano, akauliza kama ni la Paddy. Mdogo wangu Paddy alikuwa askari. Alipelekwa vitani nchi ya mbali, na hata mwili haukurudi. Nilitaka kusema hapana. Nikasema ndiyo. Mama akakaa chini pale pale.

"Umefanya vizuri, Owor," akasema. "Mimi nilikuwa nimechoka kungoja."

Alhamisi, 6 Machi
Mama hataki kaburi tupu. Kwao Masaba, aliyepotea huzikiwa shina la mgomba. Nikakata mgomba, tukauvika shati la Paddy la kanisani. Omaido aliacha kahawa yake akaja kufukia. Nililia. Sikuwa nimepanga kulia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda getini kambini kuuliza wapimaji wa ardhi watakuja lini. Askari wa zamu alicheka, akanijibu kwa Kiswahili chao cha kambini.

"Mzee, silaha ya siku hizi naruka. Nakaa ndani ya begi. Shamba yako sisi tapeleka wapi?"

Nimerudi polepole. Kitu cha kuenea begini, na kwa ajili yake kina mama wangapi watavika migomba mashati? Swali hili limeninyima hamu ya chakula.

Jumamosi, 8 Machi
Mababu wanne nimewasawazisha, nitapanda mihogo. Kaburi la Paddy haliguswi.

Ila nimewaza tena. Silaha inayoruka siku moja itaanguka. Itaangukia paa la mtu, na paa lina fidia. Kesho naanza kujenga kibanda, kabla Omaido hajashtuka. Mama ameuliza nani atalala humo. Nimemwambia hatalala mtu.

Akasema nikijenge mbali na Paddy.