Tarishi Aliyeikataa Hamsini

Jumatatu, 7 Juni 1976. Kibondo.

Kumekucha vizuri, kumeharibika saa nne. Ndugu Abdalah, afisa utumishi aliyeletwa kutoka Tanga, katukusanya barazani na kutueleza habari za kustaafu. Ofisini kwetu mwenye cheo cha chini anatoka akifika hamsini. Kuanzia msimamizi kwenda juu, mtu anakaa mpaka hamsini na tano. Nikauliza sababu, maana mimi siogopi kuuliza. Akasema kazi ya chini ni ya miguu, ya juu ni ya kichwa, na miguu huchoka kwanza. Nikamjibu kwamba wapo wakubwa hapa ambao vichwa vyao vilistaafu zamani, miguu tu ndiyo bado inawaleta kazini. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia. Halafu nikakumbuka kuwa mwezi wa nane natimiza hamsini.

Sikucheka tena.

Laurent mimi, Tarishi Mkuu! (Matarishi tuko wawili, mimi na Bazilio. Huo ukuu nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyewahi kupinga.) Nyumba ya serikali, sare ya kaki, baiskeli yenye kengele inayolia. Nikitoka narudi kulima mihogo kwenye shamba la shemeji yangu, ambaye hata leo nikipiga hodi anauliza naondoka lini.

Jumanne, 8 Juni

Nimepata! Mtu aliyefika Tabora, Dodoma na Nairobi hashindwi na jambo dogo. Kama cheo hakipandi, umri ushuke. Kwani mama alinizaa huku kashika kalenda?

Nikaingia kwa Ndugu Abdalah na uso wa msiba. Nikamweleza kwamba wakati naajiriwa, karani wa mkoloni alinitazama tu akakisia mwaka wangu, na siku hiyo nilikuwa na malaria, nikaonekana mzee. Umri wangu wa kweli ni arobaini na nne. Akakitazama kipara changu kwa muda mrefu. Nikasema hicho ni cha urithi.

Akakubali kunisikiliza, ila kaambiwa kuwa watu wa huku wanajuana kwa rika. Wiki ijayo atakuja kuwauliza ninaokunywa nao.

Odilia, mke wangu, kasikia habari hizi. Yeye ana arobaini na saba. Kauliza kwa upole kama mahari yake ililetwa na mtoto wa shule.

Jumapili, 13 Juni

Kwa Immakulata, mpishi wa pombe ya ulezi. Mtungi ni mmoja, lakini unatenga watu kuliko ngazi za mshahara. Wakubwa wanakaa kwenye vigoda na mirija yao inatangulia. Wadogo wanachuchumaa, wanaleta maji ya moto ya kuongeza, kisha wananyonya kilichobaki. Miaka yote kigoda changu kiko kando ya mzee Tharsisi, ambaye tulicheza naye mvuani tukiwa uchi. Leo nikakipita. Nikaenda kuchuchumaa na rika la Bazilio, wenye arobaini na tano.

Immakulata akauliza kama mgongo umenikamata.

Nikatangaza umri wangu mpya. Bazilio, nyoka yule, hakushangaa hata kidogo. Akasema vizuri sana, mdogo wangu, mbona basi sijasikia salamu? Shikamoo ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Akaitika marahaba taratibu, kama mtu anayelamba asali. Kisha akanituma maji ya moto. Akanituma tena. Nilipochelewa akaulalamikia mtungi mzima kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Mzee Tharsisi aliweka kofia yake juu ya kigoda changu, mtu asikikalie. Hilo liliniuma kuliko shikamoo.

Jumatano, 16 Juni

Ndugu Abdalah kafika kwa Immakulata jioni, soda yake mkononi. Bazilio kaapa haraka kwamba mimi ni mdogo wake kabisa. Raha ya kutuma maji imemlevya! Ikabaki zamu ya Tharsisi. Mzee yule hasemi uongo hata kwa mtu anayemdai.

Akasimama, akasema miaka yangu hajawahi kuihesabu. Lakini akili yangu anaijua tangu utotoni, na kwa hiyo anaapa bila woga: huyu bado mtoto.

Ndugu Abdalah akasema imetosha. Arobaini na nne! Miaka sita mingine ya kaki! Nikaagiza mtungi mpya kwa wote, hata kwa Bazilio. Mimi sina kinyongo ninaposhinda.

Jumatatu, 21 Juni

Balaa!

Kumbe kuna nafasi ya Msimamizi wa Wahudumu. Kibali kimefika leo kutoka Kigoma. Nikanyoosha kola, nikatangulia mbele. Ndugu Abdalah akasema nafasi hiyo hupewa mhudumu mwenye umri mkubwa kuliko wote, ili wenzake wamheshimu. Akaongeza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba tangu afike alikuwa ameniwekea mimi. Hakutaka kusema mapema, asije akanipa matumaini ya bure. Sasa kwa kuwa nimethibitika kuwa mdogo, nafasi ni ya Bazilio.

Bazilio! Atakuwepo mpaka hamsini na tano. Atanitawala miaka sita, ataniaga kwa hotuba, kisha ataendelea kukaa bila mimi.

Nikamfuata Ndugu Abdalah ofisini, nikamnong'oneza kwamba mwezi wa nane ninatimiza hamsini. Akauliza kama wale wazee waliapa uongo. Nikamfikiria Tharsisi. Nikasema hapana. Akasema basi, kijana, rudi kazini.

Ijumaa, 25 Juni. Kasulu.

Msimamizi Bazilio kanituma Kasulu kwa baiskeli. Kasema safari ndefu ni za vijana. Vilima havijui kama nimeapiwa umri. Miguu imekubaliana na Ndugu Abdalah: imechoka kwanza.

Njiani nikamkuta mama mmoja na mtoto mgongoni, gunia la mihogo kichwani. Sikuweza kumpita. Nikalifunga gunia kwenye baiskeli, nikaisukuma mpaka kwake, nikachelewa kufika siku nzima. Aliniaga: asante, babu. Nikamwambia nina arobaini na nne. Akanishika mkono kwa huruma, akasema pole, maisha ni magumu.

Jumapili, 27 Juni. Kibondo.

Mzee Tharsisi kaniita pembeni baada ya misa. Kaniambia nimshukuru Mungu, miaka sita si haba. Nipatane na Bazilio, nirudi kwenye kigoda changu, niwe na umri wangu. Maneno mazito. Machozi yalinilenga. Nikamwahidi.

Lakini huko Kasulu nimesikia jambo. Kuna kozi ya udereva Tabora. Dereva wa serikali kwetu anahesabiwa daraja la wasimamizi: hamsini na tano! Ila wanachukua walio chini ya thelathini na tano tu.

Nimenyoa ndevu. Na kipara nimekimaliza, nimenyoa kichwa chote kama vijana wa mpira. Ukinitazama kwa upande, jua likiwa nyuma yangu, thelathini na nne kamili.

Kikwazo ni kimoja. Binti yetu Esteri anakuja keshokutwa na mtoto wake, na ana ishirini na nane. Nimempelekea salamu kwamba akifika mbele za watu aniite kaka, na mjukuu aniite mjomba. Mtoto ni mdogo, atazoea.

Odilia kauliza yeye sasa atakuwa nani yangu. Jibu nilikuwa nalo tayari. Ila mwiko wa ugali ulikuwa mkononi mwake, na mimi bado kijana, nina maisha marefu mbele.