Rupia Tano na Sufuria ya Maharage

Jumatatu, 10 Juni 1968. Mlandizi.

Salehe ana baiskeli! Salehe jirani yangu, mtu ambaye hata shoka huazima! Amepita mbele ya nyumba yangu mara saba tangu asubuhi, na mara zote saba kapiga kengele. Njia ilikuwa tupu. Hata kuku hakuwapo.

Nimeulizia, nimeipata siri. Kuna Mzungu mmoja mtaalamu kule Kibaha, anakusanya rupia za Mjerumani. Salehe kampelekea moja, nyeusi kama chungu, akapewa baiskeli kuukuu isiyo na madigadi. Jioni kwenye mkutano wa nyumba kumi alisimama akasema sisi sote ni ndugu. Nilipoomba kuipanda, udugu ukaishia kwenye kengele. Niliruhusiwa kuipiga mara moja.

Sasa tufikiri. Rupia chafu imeleta baiskeli isiyo na madigadi. Rupia safi je? Madigadi, taa, pampu!

Ninazo tano. Si zangu hasa. Ni za Shangazi Mwanakheri wa Vihingo. Nyumba yake inaezekwa upya, mafundi wanaingia na kutoka, akanipa nimtunzie hadi Jumamosi, siku mjukuu wake Siwema anapotolewa mwali. Nitatoa moja tu. Nani atahesabu?

Nimezikagua. Zote zina ukungu. Ya kwanza ina doa kama mbegu ya papai. Ya pili, unyayo wa kuku. Ya tatu, mwezi mwandamo. Ya nne, madoa mawili kama macho. Ya tano chafu tu. Chini ya picha ya simba na mnazi kila moja ina mwaka wake, ila sikuandika. Mwaka una kazi gani?

Jumanne, 11 Juni.

Nimemkuta Bernard sokoni. Ni mpishi wa yule Mzungu, mtu wa maneno mengi. Nikamuuliza kama kwa mzaha, bwana wako husafishaje fedha yake. Akasema: ishikwe ukingoni, isiguswe usoni. Itumbukizwe kwenye asetoni. Isuuzwe kwa maji ya betri yasiyotiwa asidi. Ikaushwe kwa kugusisha kitambaa laini, isisuguliwe kamwe. Na doa lililokwisha kuingia kwenye fedha yenyewe liachwe.

Liachwe! Nilicheka. Bernard hakucheka. Sikuelewa.

Asetoni ni nini? Bernard akasema ni ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mlandizi nzima mwenye rangi ya kucha ni mmoja, Laurensia, muuguzi wa zahanati. Nikaenda. Nikamwomba kwa sauti ya chini. Akaniuliza ni ya kucha za nani. Nikasema za bibi yangu. Akaniuliza bibi yupi, nikasema amekufa. Akanionyesha mlango.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu Biasha hajasema neno tangu magharibi. Ameinjika chai, akainywa peke yake.

Jumatano, 12 Juni.

Siku mbaya. Au nzuri. Bado sijui.

Biasha alikwenda kisimani, akaacha sufuria ya maharage jikoni. Nikaona hapa ndipo. Majivu, ndimu, kitambaa cha katani. Nilikuwa nimeshika ile ya mbegu ya papai, nyingine nne nimezipanga mkekani, mara hodi! Shangazi Mwanakheri! Kaja kuulizia mchele wa sherehe.

Rupia nne nikazitosa ndani ya maharage. Ile ya mkononi nikaitia mdomoni. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtu anayezama. Shangazi akaitikia marahaba, akalitazama shavu langu, akasema, Mwinyimadi, hilo ni jino. Akaniagiza nisukutue maji ya chumvi mbele yake. Nilisukutua mara tatu huku nimeikanyaga rupia kwa ulimi.

Biasha akarudi, akatia magadi kwenye maharage yalainike haraka. Shangazi akakaa. Saa tatu nzima alikaa! Na alichosimulia ndicho kilichonitoa jasho. Jumamosi ataweka kila rupia juu ya paji la uso la Siwema na kumtaja bibi aliyeiacha. Atamjuaje? Kwa doa lake. Mbegu ya papai ni Mwanahalima, aliyemzaa yeye na baba yangu. Asiyetajwa siku hiyo hatatajwa tena, maana Siwema naye hatakuwa na wa kumtajia mjukuu wake.

Nikatazama sufuria. Ilikuwa inachemka vizuri sana.

Harufu ikatoka, ya yai viza. Shangazi alikula sahani mbili, akausifu mchuzi. Alipoondoka nikachota kwa upawa. Zote nne zinang'aa! Hakuna ukungu, hakuna doa. Sikuzisugua hata kidogo, ni yale magadi tu. Niliruka kwa furaha, halafu nikakumbuka, nikakaa chini.

Alhamisi, 13 Juni.

Nimekwenda Kibaha. Kwani mabibi wameshakuwa safi, nifanyeje?

Mzungu alizitazama zile nne akashika kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Bernard akanitafsiria: zimechunwa ngozi. Hawezi kuzitolea hata pampu. Kisha akaiona ile ya mbegu ya papai, bado ina mate yangu. Akaishika ukingoni. Akamwita mkewe. Akanionyesha baiskeli nyekundu barazani, madigadi mbele na nyuma, taa, na kengele yenye sauti mbili.

Kichwa kinaniuma. Safi hataki, chafu anataka, halafu mwenyewe ana asetoni ya kusafishia!

Mkono ulikuwa tayari kwenye usukani. Mawazoni nikamwona Shangazi akihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikaichukua rupia, nikatoka. Nilirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Salehe akanipita, akapiga kengele. Nililia kidogo, lakini kulikuwa na vumbi.

Ijumaa, 14 Juni.

Akili imerudi! Kilichotolewa kinaweza kurudishwa. Juzi harufu ilikuwa ya yai, basi dawa ni yai. Nimechemsha mayai mawili, nikaponda viini, nikachora madoa kwa njiti ya fagio. Unyayo wa kuku. Mwezi mwandamo. Macho mawili. Nimezifunika kwa bakuli, na baada ya swala ya Ijumaa madoa yameshika, meusi kabisa!

Lakini ipi ni ya nani? Bila madoa zote zina sura ileile ya mfalme wa Kijerumani mwenye kofia yenye sanamu ya ndege. Laiti ningeandika ile miaka! Nimegawa kwa kukisia. Na ya tano niliandika chafu tu. Chafu vipi? Nimeipaka kiini chote kilichobaki.

Jumamosi, 15 Juni. Vihingo.

Siwema alitolewa, kapakwa manukato, kainamisha macho. Shangazi akafungua kitambaa. Mwanahalima, akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Unyayo wa kuku, Mwanaasha. Mwezi, Mwanamvua. Macho mawili, Mwanaamina. Nikashusha pumzi.

Akaishika ya tano. Akaigeuza. Akainusa. Vigelegele vikafa. Akasema huyu simjui.

Akanitazama. Macho yake yalijaa machozi, si ya hasira. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema yote mbele ya watu, baiskeli, maharage, yai. Hata ya kwamba huenda Mwanaasha ameitwa Mwanamvua. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Shangazi akaniuliza kama alipokula sahani mbili nilikuwa najua. Nikasema najua. Akajifuta uso kwa upande wa kanga, akaiweka ile ya tano kwenye paji la Siwema. Akasema huyu tumempoteza, jina lake hatutalipata. Kuanzia leo rupia hii itaitwa Mwinyimadi, na kila mwali atasimuliwa ni nani na alifanya nini.

Jumapili, 16 Juni. Mlandizi.

Nimerudi nimekalia kariya ya baiskeli ya Salehe. Hakupiga kengele njia nzima. Biasha ananisemesha tena, maneno mawili mawili.

Usiku kucha nililiwaza jambo lile. Mwinyimadi! Jina langu, mimi mwenyewe, nikiwa hai bado, juu ya paji la kila mwali wa ukoo wetu! Mwanamume wa kwanza! Salehe ana rupia ipi yenye jina lake?

Ila mabaka yale ya yai hayanipendezi. Watasema Mwinyimadi alikuwa mchafu. Nimetuma salamu kwa Shangazi kwamba Ijumaa nitakuja kumwamkia, na kwamba asijisumbue kupika. Maharage nitakuja nayo, na magadi ya kutosha.