Jina Langu Ndani ya Shaba

Jumatatu, 3 Machi
Taoyuan, mvua. Bosi Kuo katushindanisha. Mimi nichore bodi ya redio, sahani ya saketi yenye matabaka manane ya shaba, Hsiu-mei, yule binti mhandisi, naye achore yake. Itakayosikia mbali zaidi ndiyo inaenda kiwandani. Mimi nilichora bodi kwa utepe na wembe kabla mama yake hajaolewa. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza, “Mzee Liao, huo wembe uko makumbusho gani siku hizi?” Hana adabu! Atanikoma. Chai lakini ilikuwa tamu.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza kabla ya chakula. Bodi safi! Tabaka la pili ni la ethi, ile ardhi ya umeme, shaba tupu ukingo hadi ukingo. Limelala tu, halina kazi. Shaba yote hiyo bure! Nimechonga humo jina langu, herufi tatu za Kichina. Shule niliacha darasa la nne, ila jina langu hakuna anayeliandika kunishinda. Mikato thelathini na minane. Nimeliweka sawia chini ya njia ya shaba iendayo kwenye antena, mahali pa heshima. Halionekani, matabaka mengine yamelifunika. Wajukuu nitawanong'oneza.

Jumatatu, 10 Machi
Bodi zimerudi. Siku ya kupima. Hsiu-mei kaweka pakiti ya kijani ya vitafunio juu ya mashine ya kupimia, kama tufanyavyo wote ili mashine isinune. Kageuka tu, nikabadilisha nikaweka ya njano. Njano huinunisha, kila mtu anajua.
Bodi yake imesikia mita mia tatu.
Yangu imesikia mpaka mlango wa choo. Tunapimia mashine moja! Pakiti ya njano bado ilikuwa pale. Nimejiponza mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Nimedai tupime upya. Nikaweka pakiti tatu za kijani. Mlango wa choo tena. Hsiu-mei akafungua mchoro wangu, tabaka moja moja, jina likatokea kubwa kwenye kioo cha kompyuta. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Anadai umeme unaopita juu hurudi kwa chini, papo hapo chini ya njia yake. Ukikuta mashimo unazunguka na kuvuja ovyo. Bosi Kuo naye: “Mzee, umechimba barabara mashimo thelathini na manane, halafu unauliza gari liko wapi?”
Wivu. Mwandiko wameusifu, hata hivyo.

Jumatano, 12 Machi
Bodi ya Hsiu-mei ndiyo inaenda kiwandani, elfu tano. Sina kinyongo. Bosi kanipa niikague mara ya mwisho na kuituma, maana jicho langu halina mfano. Kaniapisha nisiguse ethi. Sikuigusa hata kidogo, mimi ni mtu wa neno langu.
Ila yule binti mzembe! Kona ya antena kaiacha tupu, matabaka yote manane, hamna hata chembe ya shaba. Kaizungushia mstari mwekundu na kuandika: antena ipumue, shaba marufuku, itaifanya kiziwi. Ipumue! Ina mapafu?
Nimemwokoa. Herufi tatu za jina langu, shaba nene, zimeenea pale kama zimepimwa. Nimetuma saa kumi kasoro. Kisha supu ya tambi, nyama nyingi. Siku njema kabisa.