Tunguu Lenye Doa

Jumatatu, 6 Septemba 1593. Padova.
Yamefika! Matunguu mawili ya ua kutoka Konstantinopoli, madogo kama vitunguu vya supu, na Italia nzima hakuna mwingine aliye nayo. Daktari Arrigoni wa Bologna anaandika kitabu kikubwa cha mimea. Ua likichanua kwanza kwako, kitabuni linaitwa kwa jina lako. Ua la Zanfardin! Maisha yangu yote nimeuza dawa za kuharisha. Sasa basi.

Tatizo ni Mondolin, tabibu wa Verona, mtu wa tabasamu jingi. Mwaka jana alinitumia mbegu, na desturi yetu wapenda mimea ni moja: ukipewa, urudishe kitu cha maana. Leo ameandika kuuliza habari za matunguu yangu. Nani kamwambia? Namshuku mchukuzi wa barua. Namshuku hata padri.

Jumatano, 8 Septemba.
Nimepata dawa yake! Nampelekea moja, ila nimelichemsha kwanza. Barua tamu, tunguu maiti. Limevimba kidogo, na kwa vile liligandia kitako cha sufuria likaungua, limebaki na doa jeusi upande mmoja. Si neno.

Mke wangu Orsola aliuliza napika nini. Nikasema dawa. Akasema dawa gani hiyo inanuka supu, na sufuria yake nitaisugua mwenyewe. Nimeisugua, ila alama ya kuungua haikutoka.

Tunguu zima nimelipanda kwenye chungu, chumbani kwetu. Orsola hakufurahi.

Jumatatu, 27 Septemba.
Barua ya Mondolin. Anashukuru mno, ananiita ndugu yake. Mtu hashukuru hivyo bila sababu! Anasema bustani yake ina fuko wengi wanaochimbua mizizi, kwa hiyo tunguu amempa rafiki mwenye udongo mzuri zaidi. Fuko! Kuna jambo huyu ananificha.

Jumanne, 12 Oktoba.
Limechomoza! Ncha ya kijani, ndogo kama ukucha. Nimelia, sioni haya kusema. Kisha nimefunga dirisha kwa misumari, maana paka wa jirani alikuwa anatazama.

Orsola anasema chumba kinanuka na mimi nimechanganyikiwa.

Alhamisi, 21 Oktoba.
Ajabu! Kisanduku kutoka kwa Contessa Ippolita, yule bibi mtukufu wa Mantova. Ndani yake, katika majani makavu, tunguu la ua! Anaandika kwamba alipewa na rafiki wa Verona, lakini yeye anahamia kwa binti yake, na hamjui mtu anayependa mimea kuliko mimi. Anaomba tu nimrudishie chochote cha kupanda huko aendako.

Rafiki wa Verona! Kumbe Mondolin alikuwa na tunguu lake la siri, muda wote akinililia nimpe langu! Nyoka yule!

Na ni tunguu la maana. Nono kuliko langu, laini, na upande mmoja lina doa jeusi zuri sana. Hiyo ni dalili ya aina adimu.

Orsola alilitazama, akalinusa, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, “We Gaspare, doa hilo mimi nalijua. Nenda kaangalie sufuria yangu.” Nikamuuliza, huyo Mondolin amemlipa nini aniharibie furaha. Akacheka upya.

Jumamosi, 23 Oktoba.
Nimeamua. Contessa lazima arudishiwe kitu cha thamani, na sina kingine ila lile la chunguni. Sawa! La nini tena hilo dogo, nami nina hili kubwa? Lakini nikimpa zima litachanua kwake kwanza, na ua litaitwa Ippolita. Mimi si mjinga.

Nimeling'oa, nikakata ile ncha ya kijani, nikalichemsha vizuri. Safari hii nililikoroga, halikuungua. Orsola alisimama mlangoni akisema, “Gaspare, usifanye. Nakuomba, mume wangu, hilo ndilo zima.” Alikuwa na machozi. Wamemnunua kweli.

Sanduku limeondoka na mchukuzi. Tunguu lenye doa liko chunguni, nimelifunika vizuri kwa udongo. Nimemwandikia Arrigoni aniachie ukurasa mzima, na nimemwandikia jina langu kwa herufi kubwa asije akakosea.