Tangi Lililofaulu Likiwa Tupu

Idara ya Ukavu wa Matangi ilitangaza, kwa fahari isiyo kifani, kwamba uvujaji umefutwa kuanzia saa mbili asubuhi.

Ushindi huo ulikuwa wa Mkurugenzi mwenyewe. Zamani mafundi walipima tangi la faibaglasi kwa kulijaza maji na kulipaka unga wa chaki kwa nje, wakatazama chaki inalowa wapi. Mkurugenzi aliona huo ni uchokozi mtupu. Tangi limetulia zake, unalijazia maji ya nini kama si kulitafutia sababu? Akaagiza matangi yote yapimwe yakiwa matupu, nayo yakafaulu yote. Na kwa kuwa tangi lenye cheti halivuji, mwongozo ulieleza kwamba maji yatakayoonekana chini yake ni ya mtu aliye karibu. Bibi mmoja aliyelowa barazani kwake alipewa onyo la kujimwagia.

Sasa Waziri alikuwa njiani, na Mkurugenzi aliutaka ukatibu mkuu hadi akawa anauota mchana. Shemeji yake, fundi wa matangi, akashuka kutoka paani na vumbi la msasa hadi kwenye nyusi.

“Shemeji, tangi la juu ya ofisi yako lina ufa. Acha nilikaushe, nilisugue, nilibandike kitambaa na gundi.”

“Lina cheti.”

“Usipoziba ufa, shem...”

Mkurugenzi akamkatiza. Methali hiyo Idara ilikuwa imeisimamisha, ikisubiri kamati. Akaamuru tangi lijazwe pomoni, Waziri asije akakosa maji ya kunawa.

Waziri alikuwa bado anatafuta pa kuweka mkoba wakati tone la kwanza lilipotua mapajani mwa Mkurugenzi. Alilipuuza, kama mtu wa adabu. La pili likaita wenzake. Salamu zilipokwisha, suruali ya kijivu ilikuwa nyeusi hadi magotini.

Waziri alitazama dari, akatazama cheti ukutani, kisha suruali.

“Tangi la juu linavuja?”

Mkurugenzi aliona aibu hadi masikio yakawaka. Akilikana tangi, amejikana mwenyewe.

“Hapana, mheshimiwa,” alisema taratibu. “Ni mimi.”

Waziri alitikisa kichwa kwa huruma ya dhati, akalipongeza tangi, akachukua mkoba wake.

“Pole sana. Ila ukatibu mkuu, ndugu yangu, tunautafutia mtu asiyevuja.”

Huko paani shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi, msasa mkononi, akisubiri tangi liishiwe maji lenyewe.